Sukari Imepanda Lakini Siyo Kisukari: Fahamu Tofauti na Cha Kufanya Mapema

Watu wengi wa Bukoba na Muleba wanajua majibu mawili tu ya kipimo cha sukari: unayo au huna. Lakini lipo jibu la tatu, la katikati. Sukari imeshapita kiwango cha kawaida, ila haijafika kiwango cha kuitwa kisukari. Hii ndiyo hatua ya awali ya kisukari, na mtu aliye hapa bado ana nafasi ya kurudi nyuma.

Namba zinasemaje?

Kipimo cha asubuhi hufanyika ukiwa hujala chochote kwa saa 8 au zaidi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (milimoli kwa lita):

- Chini ya 6.1: kawaida
- 6.1 hadi 6.9: hatua ya awali
- 7.0 na kuendelea: kisukari

Kama huna dalili, kipimo kimoja hakitoshi kukuita mgonjwa. Kinarudiwa siku nyingine.

Mwilini kuna nini?

Insulini hutengenezwa na kongosho ili sukari itoke kwenye damu na kuingia kwenye misuli. Katika hatua ya awali, mwili unaanza kuikaidi, na kongosho linajitahidi kutengeneza nyingi zaidi. Kongosho likizidiwa, kisukari cha aina ya pili kinaanza.

Usingoje dalili

Hatua ya awali kwa kawaida haiumi wala haina dalili. Kiu kali, kukojoa mara kwa mara na kukonda huja sukari ikiwa imeshapanda sana. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulionyesha kuwa karibu watu 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini walikuwa na kisukari.

Pima mapema kama una tumbo kubwa, presha, mzazi au ndugu mwenye kisukari, au kama uliwahi kupata kisukari cha ujauzito.

Je, ndizi ziachwe?

Hapana. Ndizi za kupika na maharage ni chakula kizuri, shida ni kipimo. Robo ya sahani iwe ndizi, robo maharage au samaki, nusu inayobaki iwe mboga za majani. Punguza soda, maandazi, rubisi na vijiko vya sukari kwenye chai. Safari fupi tembea, bodaboda isubiri.

Inasaidia kweli? Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2002 uliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari hiyo. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58.

Tofauti ya kuzingatia

Aliye hatua ya awali mara nyingi huanza na chakula na mazoezi, kisha anapima tena angalau kila mwaka. Mwenye kisukari anahitaji kliniki, na dawa alizoandikiwa asiziache eti kwa sababu anajisikia vizuri. Sukari ya muda mrefu huharibu macho, figo na miguu kimyakimya.

Vipimo vinapatikana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na kwa Muleba katika hospitali kama Rubya na Ndolage. Ukipewa majibu, uliza namba yako na uiandike.