Mimbari Dhidi ya Mlolongo

Mwaka 1988 Wakenya walipiga kura ya mchujo ya chama tawala, KANU, kwa mlolongo: walipanga foleni mchana kweupe, kila mtu nyuma ya wakala au picha ya mgombea wake. Kuna mahali foleni fupi ilitangazwa mshindi, na umati uliojionea ukarudi nyumbani kimya. Kimya hicho kilikuwa dhambi ya wengi, si ya Rais Moi peke yake.

Askofu David Gitari wa Anglikana hakunyamaza. Mahubiri yake kuhusu Danieli na tundu la simba yalisikika kama habari za Nairobi. Aprili 1989 majambazi walivamia nyumba yake usiku. Akapanda darini, akatokea juu ya paa akipiga mayowe mpaka majirani wakaja.

Si makanisa yote yaliyothubutu. Africa Inland Church, alikosali Moi, lilikuwa limejitoa katika NCCK, baraza la kitaifa la makanisa.

Agosti 1990 waziri Peter Okondo alimwonya Askofu Alexander Muge wa Anglikana, mkosoaji mwingine wa serikali, asikanyage Busia, la sivyo huenda asitoke hai. Muge alikwenda. Akirudi Eldoret, tarehe 14, aliuawa katika ajali ya barabarani, na Okondo akajiuzulu. Desemba hiyo KANU iliufuta mlolongo.