Ndugu akikamatwa Kampala: jina lake litafutwe katika daftari gani?

Habari kwa kawaida hufika kwa simu, na mara nyingi ni neno moja tu: amechukuliwa. Nani amemchukua, kwa gari gani, kuelekea wapi, aliyepiga simu hajui. Katika mtaa wa Old Kampala, ambako wenyeji wa siku nyingi, Wasomali kutoka Kisenyi na wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo wanaishi pamoja chini ya mnara wa Msikiti wa Taifa, simu ya namna hiyo si jambo geni. Makala haya yanaeleza mahali ambapo taarifa za mtu aliyezuiliwa huandikwa, na njia ambayo jamaa zake wanaweza kuifuata hadi wampate.

Uganda haina orodha ya wazi katika intaneti ambamo mtu ataandika jina la nduguye na kuoneshwa gereza alimo. Marekani wanayo. Idara ya magereza ya serikali kuu ya huko ina ukurasa wa kuwatafuta wafungwa wake tangu mwaka 1982, na wahamiaji waliozuiliwa wamekuwa na ukurasa wao tangu 2010. Wasomaji wetu wenye jamaa ng'ambo wanazifahamu kurasa hizo, na pengine wanajua pia ubaya wake: jina la mtu ambaye bado hajahukumiwa linaweza kusomwa na jirani, mwajiri na adui kwa pamoja. Kampala kazi hiyo hufanywa kwa miguu. Hata hivyo, kila mahali halali pa kumzuilia mtu pana daftari, na anayejua mfuatano wa madaftari hayo hatembei bure.

Saa 48 za polisi

Msingi wa yote ni kifungu cha 23 cha Katiba ya mwaka 1995. Kinataka mtu azuiliwe mahali palipoidhinishwa na sheria tu. Aelezwe papo hapo, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kuwa na wakili. Na kama hakuachiliwa kabla, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, muda usizidi saa 48 tangu alipokamatwa. Katiba haikutoa udhuru wa Jumamosi wala Jumapili, ingawa watu wengi waliokamatwa Ijumaa jioni wameambiwa vingine.

Kifungu hichohicho kinasema kwamba ndugu wa karibu ataarifiwe, mzuiliwa mwenyewe akiomba, na kwamba ndugu huyo, wakili na daktari waruhusiwe kumwona kwa kiasi cha haki. Maneno «mwenyewe akiomba» yana uzito. Aliyenyamaza kwa hofu au kwa aibu hajaitumia haki yake, na afisa asiyeombwa hana wajibu wa kupiga simu. Ni vyema watu wa nyumbani wawe wamekwisha kuzungumza jambo hili mapema, hasa na vijana, na kila mmoja awe na nambari moja ya simu kichwani, kwa kuwa simu ya mkononi ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Mahali pa kuanzia ni kituo cha polisi kilicho karibu na pale alipokamatwa. Kituo cha Old Kampala ndicho kinachofahamika zaidi katika eneo hili, na waomba hifadhi wengi wanakijua kwa sababu ndipo walipoanzia kujiandikisha walipofika mjini. Kama hayupo hapo, kaduukulu nyingine za kuulizia ni za Kituo Kikuu cha mjini, Katwe, Wandegeya, Kawempe, Jinja Road na Kira Road. Katika msako mkubwa, waliokamatwa mtaa mmoja wanaweza kugawanywa katika vituo vitatu kwa sababu tu korokoro la kwanza limejaa.

Kaunta ina madaftari mawili yanayomhusu mtafutaji. La kwanza ni daftari la matukio la kituo, ambalo kila mtu Kampala huliita SD. La pili ni la watu waliotiwa ndani. Mtu akikutwa katika lolote kati ya hayo, ombeni nambari ya SD na tarehe yake. Jalada la uchunguzi likifunguliwa hupewa nambari nyingine, iitwayo CRB. Ziandikeni zote mbili kwenye karatasi pamoja na jina la afisa aliyezitaja na saa aliyozitaja. Kuanzia hapo hamuulizi tena habari za «kijana mmoja mrefu». Mnauliza habari za nambari.

Kuhusu lugha, Kiswahili kimekuwa lugha ya polisi na jeshi la Uganda tangu enzi za Waingereza. Jambo hilo limetuletea lawama nyingi, kwani Waganda wengi walikisikia kwanza kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Lakini mbele ya kaunta ya polisi historia hiyo ina faida yake: asiyejua Luganda wala Kiingereza hana sababu ya kunyamaza. Maneno ya adabu yanatosha: «Habari za kazi, afande. Namtafuta ndugu yangu aliyekamatwa jana jioni Kisenyi. Naomba uniangalizie kama jina lake limo katika daftari.»

Jina lenyewe ndilo linalowapoteza wengi. Afisa huandika alivyosikia. Muhammad huwa Mohamed, Muhamed au Mamadi. Katika maandishi ya Kiganda herufi r na l hubadilishana kufuatana na irabu inayotangulia, ndiyo maana Rukia wa Mombasa ni Lukia wa Kampala. Majina ya Kikongo yaliyozoea tahajia ya Kifaransa huandikwa upya kwa masikio ya Kiingereza, na Msomali mwenye majina matatu anaweza kuingizwa kwa jina la babu yake. Wengine kwa woga hutaja jina ambalo si lao. Kwa hiyo nendeni na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, kwa tahajia mbili au tatu, pamoja na umri, nguo alizovaa, mahali na saa. Mkiambiwa hayumo, ombeni kwa upole liangaliwe tena kwa tarehe na mahali badala ya jina.

Dhamana ya polisi haina malipo. Anayeitoza anavunja sheria, na malalamiko hupelekwa kwa mkuu wa kituo, kwa kamanda wa wilaya, au kwenye kitengo cha polisi kinachochunguza mienendo ya maafisa. Tahadhari kubwa zaidi ni ya simu zinazopigwa na watu wasioonekana, wakijitambulisha kama maafisa na kuomba pesa kwa njia ya simu ili «faili lisiende mbele». Anayempigia mwenye msiba simu kabla hajatajiwa kituo ataje kwanza nambari ya SD.

Kutoka kaunta hadi kizimbani

Akifikishwa mahakamani, habari zake huwa za hadhara kwa maana kamili ya neno hilo: kesi husikilizwa wazi na mtu yeyote anaweza kuketi na kusikiliza. Mahakama zilizo karibu na mtaa huu ni ya Mengo, ya Mwanga II na ile ya Buganda Road. Wachuuzi wanaokamatwa na askari wa mamlaka ya jiji wafuatiliwe katika mahakama ya City Hall. Orodha ya kesi za siku hubandikwa ukutani au huwa mikononi mwa karani, na Mahakama ya Uganda huweka nyingine katika tovuti yake. Zaidi ya hayo, tangu Machi 2022 kuna mfumo wa kielektroniki wa kusimamia majalada, ulioanza katika baadhi ya mahakama.

Kinachotafutwa hapa ni nambari ya kesi, kosa lililoandikwa katika hati ya mashtaka na tarehe ya kurudi. Kosa lisomwe kwa makini. Mnamo Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya uzururaji vilivyokuwa vikitumiwa kuwazoa vijana barabarani, na wakili atataka kujua kama mtu wenu ameshtakiwa kwa kitu kinachofanana na hicho. Asiyeelewa Kiingereza ana haki ya mkalimani bila malipo chini ya kifungu cha 28 cha Katiba. Aseme hivyo kabla ya kujibu shtaka, wala asikubali kosa kwa lugha asiyoijua ili tu mambo yaishe.

Luzira si gereza moja

Hakimu asipompa dhamana, mshtakiwa huondoka na hati ya rumande. Mkuu wa gereza hawezi kumpokea mtu bila hati kama hiyo, na humo mna jina la gereza na siku ya kurudi kortini. Watu husema «yuko Luzira» kana kwamba ni nyumba moja. Kilima kile kina magereza kadhaa yenye malango tofauti: gereza la juu la ulinzi mkali, lile la Murchison Bay, la mahabusu, na la wanawake. Wengine wanaotoka mahakama za Kampala hupelekwa Kigo au Kitalya, wilayani Wakiso. Jamaa asiyeuliza jina kamili la gereza hupoteza siku nzima na nauli.

Baada ya hukumu njia huwa ndefu zaidi. Wafungwa huhamishwa kwenda mashamba ya magereza kama Isimba kule Masindi, Mubuku wilayani Kasese au Ruimi upande wa Fort Portal. Msongamano ndio unaosukuma uhamisho huo: nchi yenye magereza zaidi ya 250 imekuwa katika miaka ya karibuni na wafungwa na mahabusu zaidi ya 70,000, katika nafasi zisizofika 25,000. Karibu nusu yao hawajahukumiwa. Uhamisho huandikwa katika gereza alikotoka, kwa hiyo ulizeni pale alipoonekana mara ya mwisho kabla ya kwenda makao makuu ya Huduma ya Magereza, Parliament Avenue.

Mtoto wa chini ya miaka 18 asitafutwe katika magereza hayo. Sheria ya Watoto haimruhusu kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 24 wala kuchanganywa na watu wazima. Wa Kampala hupelekwa katika makao ya mahabusu ya watoto, Naguru. Msako ukizoa wanafunzi, cheti cha kuzaliwa mkononi huokoa siku nyingi.

Pale jina lisipokuwamo popote

Wakazi wa Kampala wa umri fulani wanalikumbuka neno la Kiswahili lililotumika mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa misako ya kijeshi: panda gari. Kabla ya hapo, mwaka 1974, serikali ya Idi Amin yenyewe ilikuwa imeunda tume chini ya Jaji Mohamed Saied kuchunguza watu waliotoweka tangu Januari 1971. Mambo hayo si ya kale tu. Baada ya uchaguzi wa Januari 2021 vijana walichukuliwa kwa magari ambayo wananchi waliyaita droni, na familia zao zilizunguka vituo vyote bila kuona jina. Tarehe 4 Machi 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani, Jenerali Jeje Odongo, aliwasilisha bungeni orodha ya watu 177. Kwa baadhi ya jamaa, karatasi hiyo ilikuwa jibu la kwanza la serikali. Wengine waliisoma hadi mwisho wasione wao.

Novemba 2024 hata mtu mashuhuri alipitia njia hiyo. Dkt. Kizza Besigye alitoweka Nairobi tarehe 16, na umma ulipata uhakika wa mahali alipo pale tu alipofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi Makindye tarehe 20. Januari 31, 2025, Mahakama ya Juu iliamua kwamba raia hawapaswi kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria inayowaruhusu baadhi yao kushtakiwa huko tena. Kwa hiyo Makindye ibaki katika orodha ya mahali pa kuulizia, sambamba na hospitali ya Mulago.

Saa 48 zikipita bila jina, dawa ya kisheria ni amri ya Mahakama Kuu inayomtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji na aeleze sababu. Mawakili huiita kwa Kilatini habeas corpus, na kifungu cha 44 cha Katiba kinakataza isisitishwe kwa hali yoyote. Sambamba nayo, lalamiko lipelekwe kwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo Katiba imeipa uwezo wa kukagua mahali pa kuzuilia watu na kuamuru mtu aachiliwe. Kuna pia Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2005, inayoipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Muda huo ni mrefu mno kwa mtu aliye korokoroni, na haki hiyo imeandikwa kwa ajili ya raia. Kifungu cha 23 hakibagui: kinasema «mtu», na mkimbizi ni mtu.

Mkimbizi ana jambo moja la ziada. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kuarifiwa, lakini ni yeye mwenyewe anayeamua kama anataka. Aliyeikimbia serikali yake asipelekewe ubalozi habari na jamaa wenye haraka. Badala yake, jamaa waende katika shirika la Refugee Law Project, ambalo ofisi yake iko Perryman Gardens, hapahapa Old Kampala, au kwa UNHCR. Kwa wenye kesi Mengo, Justice Centres Uganda hutoa msaada wa wakili bila malipo. Popote watakapokwenda wataulizwa yaleyale: alikamatwa saa ngapi, wapi, na nani aliyeona, vituo gani vimeulizwa, tarehe gani, na afisa gani alijibu nini. Karatasi iliyoanza kuandikwa kaunta ndiyo itakayoambatanishwa na kiapo.