Fergus Suter: fundi mawe aliyelipwa chini kwa chini

Haya wadau, leo naweka kando habari za test na foleni ya kantini. Kuna ubishi umewaka hosteli tangu Jumatatu, eti nani mchezaji wa kwanza kabisa kulipwa kwa kucheza mpira. Mimi jibu langu ni Fergus Suter, Mskoti wa Glasgow. Ushahidi wa risiti hakuna, na hapo ndipo utamu ulipo.

Jamaa alizaliwa mwaka 1857. Kazi yake ilikuwa kuchonga mawe ya kujengea, na mpira akacheza na timu ya Partick (sio Partick Thistle, msichanganye). Oktoba 1878 benki ya City of Glasgow ikaanguka, ujenzi ukadorora mjini, mafundi wakabaki vijiweni. Miezi hiyo hiyo Suter akaibukia Darwen, kamji ka viwanda vya pamba kule Lancashire, Uingereza. Partick walishawahi kwenda kucheza huko siku ya mwaka mpya 1878, kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa. Mwenzake wa Partick, Jimmy Love, naye alikuwa Darwen.

Sasa sikilizeni. Alipofika alishika kidogo kazi yake ya mawe, halafu akaiacha. Sababu? Eti mawe ya Uingereza ni magumu mno, yanamvimbisha mikono! Basi bwana, mtu hana kazi lakini anakula, anavaa, analipa kodi ya chumba, na kila Jumamosi yuko uwanjani. Watu wakajiuliza, mshiko unatoka wapi? Kulipa mchezaji ilikuwa mwiko wakati ule. Mwaka 1902, akiwa ameshastaafu zamani, Suter mwenyewe alimweleza mwandishi wa gazeti kwamba mshahara maalumu hakuwa nao, ila akikwama anamwona mweka hazina. Miezi mitatu inaweza kupita hajagusa kitu, halafu anaomba pauni 10. Mnaona mambo hayo?

Na kazi waliifanya. Robo fainali ya Kombe la FA mwaka 1879, Darwen walikutana na Old Etonians, yaani mabwana waliosoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Mechi ilikuwa London, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao. Zikiwa zimebaki kama dakika 15 walikuwa nyuma 5-1. Wakarudisha zote, 5-5! Etonians wakagoma kuongeza muda, na mechi ya marudio ikapangwa tena London. Wananchi wa Darwen wakachangishana nauli. Ikaisha 2-2. Wakapanda treni mara ya tatu, miguu imechoka, wakafungwa 6-2. Etonians wakaenda kubeba kombe.

Mimi hapa ndipo ninapoona kiini cha ugomvi wote. Ukiwa na mali ya baba, kucheza bure ni heshima. Mfanyakazi wa kiwandani akisafiri kwenda London anapoteza ujira wa siku, na hakuna wa kumfidia. Sasa kumwambia huyu kwamba kupokea fedha ni kuuchafua mchezo, mimi naona ni dharau tu.

Mwaka 1880 Suter akahamia Blackburn Rovers, majirani na watani wa Darwen. Ni kama mtu atoke Yanga aende Simba, hamhitaji maelezo. Darwen wakasema amenunuliwa. Novemba mwaka huo timu zikakutana, mashabiki wakavamia uwanja na mechi haikumalizika.

Rovers wakafika fainali 1882, wakapigwa 1-0 na hao hao Etonians. Halafu wakabeba kombe mara tatu mfululizo, 1884, 1885 na 1886, na Suter yumo zote. Mbili za kwanza waliwafunga Queen's Park, timu ya Glasgow iliyoshikilia kucheza bila malipo. Yaani jamaa alikuwa anawapiga watu wa mji wake! (Mlioangalia ile tamthilia ya Netflix ya 2020 mnaweza kudhani alibeba kombe mwaka 1883. Hapana, lile lilikuwa la Blackburn Olympic, na hakuwahi kuchezea timu hiyo.)

Kati ya hapo moto ulishawaka. Mwaka 1884 Preston North End walitolewa kombeni kwa kulipa wachezaji, na kiongozi wao William Sudell hakukana, alisema kila mtu analipa. Klabu za kaskazini zikatishia kujitenga na kuunda chama chao. Julai 1885 FA wakasalimu amri, malipo yakaruhusiwa.

Suter hakufaidi sana. Ligi ilipoanza 1888 umri ulishamtupa. Alicheza mechi moja tu, Desemba mwaka huo dhidi ya West Bromwich Albion, tena beki huyu akiwa golini kwa sababu kipa hayupo. Baadaye akaendesha hoteli, akafariki 1916.

Na timu ya taifa? Hakuichezea hata mara moja. Uskoti haikuwa ikiita wachezaji waliohamia Uingereza. Ilipoanza kuwaita, mwaka 1896, Suter alikuwa na miaka 38.