Mwega wa Wayo

Kiatu cha mtoto wa kaka yangu kilinieleza mengi kabla yeye hajafungua mdomo. Nilikipindua mkononi, barazani kwetu hapa Wajir: kisigino kimelika upande wa ndani, upande wa nje ungali mpya. "Eedo, siwezi kwenda harusini na raba," akaniambia mimi shangazi yake. Harusi yenyewe ni ya dirac, lile gauni refu la Kisomali, na dhahabu. Nilimwelewa.

Wayo wake ni bapa. Kwenye mchanga wetu hilo halihitaji mashine: wayo wenye upinde huacha alama iliyokatika kiuno, wake huacha alama pana iliyojaa. (Kwa mtoto mdogo hiyo ni kawaida, na wengi upinde huwajia wakikua.) Upinde ukilala, kifundo huangukia ndani na goti hukifuata. Yeye jioni huumwa. Daktari akamwandikia othosisi, kifaa cha kuwekwa ndani ya kiatu.

Asili ya neno ni Kigiriki, orthos, yaani iliyonyooka. Hapo ndipo mtu anapovutwa aseme "kinyoosha mguu", na tafsiri hiyo naikataa kabisa, kwa sababu inamwahidi mgonjwa kisichokuwapo. Mtu mzima akikivua kifaa hiki, wayo hurudi ulivyokuwa. Kazi yake ni kuubeba upinde na kuugawa uzito mtu anapotembea. Mafundi wake hufunzwa kwa Kiingereza, hata Moshi kwenye chuo cha TATCOT, kwa hiyo mgonjwa hupewa kifaa bila jina la Kiswahili.

Jina tunalo: mwega, kitu kinachoegemezwa kwenye kingine kisianguke. Aliyelala ndani ya herio, nyumba ya fito ya wafugaji wetu, ataona mara moja. Fito zimepindwa, zikafungwa kamba. Kamba zikilegea, pinde huinama. Hakuna anayezinyoosha fito. Hutiwa mwega. Wayo una mifupa 26, na kamba zake ni kano. Basi na uitwe mwega wa wayo, wingi miega ya nyayo. Othosisi libaki jina la ukoo mzima wa vifaa, pamoja na vya goti na mgongo.

Jina hili linasaidia hata dukani, maana mwega hutaka mahali pa kusimama. Mchuchumio, kiatu cha kisigino kirefu, hauupi: kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole, uzito ukahamia mbele, na mwega ukateleza. Tulikwenda sokoni jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, miega yake mkobani. Tulitafuta kiatu ambacho soli ya ndani hubanduka, chenye kisigino kipana cha vidole viwili na ukanda wa kifundoni. Duka la tatu tukakipata, cha rangi ya dhahabu. Nyumbani alianza kukivaa na miega saa moja tu, akawa anaongeza kila siku.

Siku ya harusi mchuchumio wake ulikuwa mfukoni. Aliuvaa kwa picha, akauvua kabla ngoma haijaanza.