Nta Ndani ya Mzinga: Harufu na Urinaji wa Asali Katavi

Mzinga mpya usiopakwa nta unaweza kuning'inia mtini msimu mzima bila nyuki kuingia. Warina asali wa misitu ya Inyonga, mkoani Katavi, walilijua hilo tangu enzi za mizinga ya magome. Gome la mti wa miombo lilibanduliwa, likakunjwa na kufungwa kwa kamba, likasuguliwa nta ndani, kisha likapandishwa juu. Nyuki wanaotafuta makao huvutwa na harufu ya nta.

Wakati wa Wajerumani, na baadaye Waingereza, nta ya misitu ya magharibi ilisafirishwa hadi Ulaya. Kisha ikaja hofu ya malale. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwaondoa watu porini na kuwakusanya katika makazi machache, mbali na mbung'o wanaoeneza ugonjwa huo. Watu walihama, nyuki wakabaki. Wanaume wa Kikonongo, wenyeji wa misitu hiyo, waliendelea kurudi msituni kwa msimu na kupiga kambi, na huko kambini ndiko vijana walikofundishwa pua: moshi upi unatuliza, asali ipi imeiva, na harufu ipi inaonya.

Hiyo ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Nyuki akiuma, mwiba wake huachia kemikali inayonukia kama ndizi mbivu, na wenzake wakiinusa humiminika kushambulia. Moshi huzipumbaza pembe zao za kunusia wasiipate harufu hiyo vizuri.

Nyuki naye ana kumbukumbu. Ubongo wake una seli za neva zisizofika milioni moja, lakini akinusishwa harufu huku akionjeshwa maji ya sukari mara tatu tu, huikumbuka kwa siku kadhaa.

Nasi binadamu hukumbuka harufu. Wanasayansi Linda Buck na Richard Axel walieleza mwaka 1991, katika utafiti wa panya, familia ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Sisi binadamu tuna aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Picha na sauti hupitia kwanza talamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Harufu haina haja ya kupita huko. Hutoka puani ikafika upesi kwenye amigdala, inayoshughulika na hofu na furaha, na kwenye hipokampasi, inayosaidia kuhifadhi matukio. La ajabu zaidi, seli za kunusia hufa na kuzaliwa upya maisha yote, ila kila seli mpya hurefusha uzi wake hadi pale pale wa zamani ulipoishia. Ndiyo maana mzee aliyeumwa na nyuki ujanani anaweza kushtushwa na harufu ile ile uzeeni.

Mizinga ya magome inaachwa kwa sababu inaua mti, na ni haki iachwe. Lakini mbao mpya ya mzinga wa kisasa hainukii makao. Wanaogawa mizinga hiyo katika halmashauri za Mlele na Nsimbo mkoani humo wagawe na nta, na wawaite wazee wa kambi waje kuipaka pamoja na vijana.