Langilangi: Safari ya Mafuta Kutoka Manila hadi Nzwani

Mlangilangi asili yake ni misitu ya Ufilipino na Indonesia. Ukiachwa ukue upendavyo, huweza kupita mita 20. Huko kwao, kabla ya mitambo kufika, maua yake yalilowekwa katika mafuta ya nazi na kupakwa nywele na ngozi. Katika karne ya 19 Waingereza waliuza mafuta ya nywele kwa jina la Makasar, yakidaiwa kutoka pande hizo, na wanaume waliyapaka kwa wingi hata ikabidi migongo ya viti vya sebuleni itandikwe vitambaa visiingie madoa.

Kukeneka maua hayo kwa ajili ya biashara kulianza Manila katika miaka ya 1860, mikononi mwa Wajerumani waliokuwa wakiishi huko. Wafaransa walikuwa wameshaupeleka mti wenyewe kisiwani Réunion tangu karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa hicho kikaipiku Manila. Hakikudumu kileleni. Vimbunga viliharibu mashamba, miwa ikarudi kudai ardhi, na kilimo cha langilangi kikahamia Nosy Be, Mayotte na Nzwani.

Nzwani, kisiwa cha Komoro, ndiko mti huu ulikoota mizizi zaidi, na haukuanza kwa hiari ya wenyeji. Kampuni ya kikoloni ya Bambao ilihodhi sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya kisiwa, kwanza kwa miwa, baadaye kwa mimea ya manukato. Wanakijiji walibaki vibarua kwenye ardhi ya mababu zao, au walisukumwa kulima miteremko mikali. Hata hivyo, wakulima wadogo waliurithi ujuzi wa kilimo hicho, na baada ya uhuru wa mwaka 1975 Komoro iliendelea kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta haya duniani.

Shambani mti hukatwa kilele na matawi yake huinamishwa, ili wachumaji, wengi wao wanawake, wayafikie maua wakiwa wamesimama chini. Ua huanza kijani. Linalofaa ni lile lililogeuka manjano na kuwa na doa jekundu katikati. Huchumwa alfajiri, kwa upole, kwa kuwa ua lililopondeka huwa jeusi na kuharibu harufu ya pipa zima. Siku hiyohiyo maua huingizwa mtamboni. Kilo 100 hutoa kilo 2 hivi za mafuta, na moto huweza kuwaka saa 20.

Saa hizo ndizo zinazopanga bei. Mafuta yanayotoka mwanzo ni mazito na yana harufu kali ya maua. Ndani yake mna benzili asetati, kemikali iliyomo pia katika asumini. Hayo huitwa ekstra. Yanayofuata hupewa daraja la kwanza, la pili na la tatu, yakizidi kuwa mepesi na kupoteza utamu. Ya mwisho huishia kwenye sabuni. Watengeneza manukato wa Ufaransa waliitaka ekstra, hasa baada ya Ernest Beaux kuitia langilangi katika Chanel No. 5 mwaka 1921.

Tiba ya harufu ilipata jina lake baadaye, katika kitabu cha mkemia Mfaransa René-Maurice Gattefossé cha mwaka 1937. Watumiaji wake hupendelea mafuta kamili, yasiyogawanywa madaraja. Huyatumia kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi. Tafiti chache na ndogo zimeonyesha kwamba kuyanusa hushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kidogo. Ushahidi huo hautoshi kuyafanya dawa ya shinikizo la damu. Yakizidi huumiza kichwa, na yakipakwa bila kuzimuliwa kwa mafuta mengine huweza kuwasha ngozi. Zanzibar haikungoja kitabu: langilangi mbichi zimekuwa zikitiwa kwenye vikuba pamoja na asumini na rihani, na kutandazwa kwenye kitanda cha bibi harusi.

Gharama nzito zaidi haionekani kwenye chupa. Kilo moja ya mafuta huweza kula mamia ya kilo za kuni, na misitu ya Nzwani imepungua mno, ingawa mashamba ya chakula nayo yamechangia. Mito mingi iliyotiririka mwaka mzima sasa hujaa wakati wa mvua tu. Majiko yaliyoboreshwa na mitambo ya chuma cha pua imepunguza matumizi ya kuni, lakini wakenekaji wengi wadogo hawana mtaji wa kuinunua.