Je, Gari Kuukuu Linahitaji Risasi?

Liko swali moja la wenye magari makuukuu ambalo limekataa kufa. Nimelisikia tena juzi katika barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wakongwe wa Nairobi hawakubali kuiita kwa jina lolote ila Grogan. Mzee mmoja alikuwa amesimama kando ya gari lake, Morris Minor yenye umri wa kuwazidi mafundi wote waliokuwa wameizunguka. Boneti iko wazi, na mzee analalamika. Asubuhi injini haishiki mpaka gari lisukumwe. Ikishika, inatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria. Mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya tatu sasa ni gia ya pili, na hapo ni kwa kubembeleza.

"Tangu waondoe risasi katika petroli," akasema mzee, "gari hili halijapata afya."

Fundi kijana aliyekuwa na spana mkononi akainua kichwa. "Risasi ya bunduki, mzee?"

Watu walicheka, lakini kijana yule hana lawama. Petroli yenye madini ya risasi iliondoka katika vituo vyetu alipokuwa mtoto mchanga, na huenda hakuwa amezaliwa. Nami nikaona kwamba kisa hiki kinafaa kusimuliwa tangu mwanzo, maana wengi wetu tuliivuta risasi hiyo kwa pua miaka nenda miaka rudi bila kujua ilitiwa mle na nani, wala kwa nini.

Tuanze na kugonga. Mwenye gari la zamani anaijua sauti hiyo: unapanda mlima, umekanyaga mafuta, na ndani ya injini unasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui kwa utaratibu kutoka kwenye plagi, bali sehemu yake inalipuka yenyewe kwa joto na mgandamizo kabla moto haujaifikia. Mlipuko huo ukiendelea, pistoni hutoboka. Fundi wa leo atairudisha taimingi nyuma kidogo, au atakushauri ununue petroli bora zaidi. Lakini miaka 100 iliyopita petroli ilikuwa hafifu, na watengenezaji wa magari walikwama hapo. Walitaka injini zenye mgandamizo mkubwa, zenye nguvu na zisizokunywa mafuta mengi, na petroli iliyokuwapo ikawakatalia.

Desemba 1921, katika maabara ya kampuni ya General Motors mjini Dayton, jimbo la Ohio huko Marekani, mhandisi Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Charles Kettering, aligundua kwamba kiasi kidogo sana cha kiowevu chenye risasi, chini ya gramu moja ya madini kwa lita, hunyamazisha kugonga. Februari 1923 petroli hiyo ikaanza kuuzwa, katika kituo kimoja cha mji ule ule wa Dayton. Wakaipa jina Ethyl. Jina zuri, jepesi mdomoni. Neno risasi halikutajwa ndani yake.

Hapa naomba msikilizaji asimame kidogo nami. Ubaya wa risasi haukuwa siri. Mafundi rangi na wafanyakazi wa viwandani walikuwa wakiugua kwa madini hayo tangu zamani, na Midgley mwenyewe mwanzoni mwa 1923 ilimbidi aache kazi kwa muda ili mwili wake upate nafuu kutokana na sumu aliyokuwa akiichezea. Wala haikuwa kweli kwamba njia nyingine hazikuwapo. Maabara hiyo hiyo ilikuwa imejaribu pombe ya viwandani na kuona kwamba nayo huzuia kugonga. Hata sisi Kenya, katika miaka ya 1980, tuliwahi kuchanganya petroli na pombe iliyotokana na molasi ya miwa kule Muhoroni, na magari yakatembea. Ila pombe kila mtu anaweza kuipika. Dawa ya risasi ilikuwa na mwenyewe, yenye haki ya uvumbuzi, na kila lita iliyouzwa ililipa kodi kwake.

Oktoba 1924, katika kiwanda cha mafuta cha Bayway, jimbo la New Jersey, wafanyakazi 5 waliokuwa wakishughulikia kiowevu hicho walikufa, baadhi yao wakiwa wamerukwa na akili, na wenzao zaidi ya 30 wakaugua. Magazeti yakapiga kelele. Midgley akawaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kiowevu kile mbele yao na kukinusa, ili waone kwamba hakina neno. Mei 1925 serikali ya Marekani ikaitisha mkutano mjini Washington. Daktari Alice Hamilton, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alipinga waziwazi. Mauzo yakasimamishwa, kamati ikaundwa, na mwanzoni mwa 1926 kamati ikasema haioni sababu ya kutosha ya kupiga marufuku, ingawa uchunguzi uendelee.

Na kamati ilikuwa imewachunguza akina nani? Madereva na wafanyakazi wa gereji. Wanaume wazima waliokuwa kazini. Watoto waliokuwa wakicheza kandokando ya barabara hawakupimwa.

Basi petroli ya risasi ikaenea dunia nzima, na magari yaliyotufikia katika miaka ya 1950 na 1960, Morris, Land Rover, Ford Anglia, Volkswagen ya kobe, Peugeot 404 iliyokuwa ikishinda mashindano ya Safari mwaka baada ya mwaka, yote yalilelewa kwa maziwa hayo.

Sasa turudi kwa mzee wetu, maana malalamiko yake si ya upuuzi. Kumbe risasi ilikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyeikusudia. Vali ya ekzosi hufunguka na kufunga mara nyingi kila sekunde, nayo huwa nyekundu kwa joto. Katika injini nyingi za zamani zenye hedi ya chuma cha kusubu, vali hiyo hukaa juu ya chuma chenyewe, pasipo pete ya chuma kigumu. Moto ukizidi, vali na kikao chake hutaka kushikana kama vitu vilivyochomelewa, na kila zinapoachana kachembe ka chuma kanang'oka. Majivu ya risasi yalikuwa yakitandaza utando mwembamba kati yao na kuzuia mshikano huo. Ukiondoa risasi, utando unaisha. Kidogo kidogo vali inazama ndani ya hedi.

Dalili zake mwenye gari anaweza kuzijua bila chombo cha gharama. Nafasi ya tapeti hupungua badala ya kuongezeka. Katika Morris Minor nafasi hiyo ni sehemu 12 za elfu moja ya inchi, na fundi akiipima leo, kisha akaipima tena baada ya safari ndefu chache na kuikuta imebana upande wa ekzosi, basi vali inazama. Akiilegeza tu bila kuuliza kwa nini imebana, anaficha ugonjwa. Mwisho wake vali haifungi kabisa, moto unapenya, mgandamizo unapotea, asubuhi gari haliwaki, na mlimani halina nguvu. Yaani yale yale aliyoyasema mzee.

Lakini si kila gari kuukuu lina shida hiyo, na hapa ndipo watu wengi wametiwa hofu bure na wauzaji wa vichupa vya dawa. Hedi ya aluminiamu, kama ya Volkswagen ya kobe, haiwezi kufanya kazi bila pete za chuma katika vikao vya vali, kwa hiyo tangu kiwandani imewekewa. Magari mengi ya Kijapani yaliyoundwa tangu miaka ya 1970 kuelekea mwisho wake yalitengenezwa yakijua kwamba risasi itaondoka. Na hata lile lenye hedi ya chuma cha kusubu, likiendeshwa taratibu mjini, huchukua miaka mingi kabla ya kuonyesha dalili. Linaloumia upesi ni lile linalokimbizwa safari ndefu likiwa na mzigo. Gari likiendelea kutetemeka baada ya swichi kuzimwa, tafuta kwanza kaboni iliyojaa ndani na petroli hafifu. Likikosa moto, tazama platini na kondensa. Usiisingizie risasi kila kitu. Tena risasi ilikuwa na hasara zake gerejini: ilichafua plagi, na kemikali zilizotiwa pamoja nayo ili kuitoa nje zilikula mabomba ya ekzosi. Wazee wanaokumbuka walivyokuwa wakinunua plagi mara kwa mara wanajua nisemalo.

Aliyefumbua macho ya dunia hakuwa mtu wa magari. Clair Patterson alikuwa mwanasayansi wa Marekani aliyekokotoa umri wa dunia katika miaka ya 1950 kwa kupima risasi ndani ya vimondo. Vipimo vyake vilikuwa vikiharibika kila mara kwa sababu risasi ilikuwa kila mahali, hewani, vumbini, juu ya ngozi yake. Akauliza imetoka wapi. Mwaka 1965 akatangaza kwamba risasi iliyomo miilini mwa watu imezidi mno kiwango cha asili. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman akatoa matokeo ya uchunguzi wa meno ya utoto yaliyong'oka kwa watoto wa viunga vya Boston. Wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walifanya vibaya zaidi katika vipimo vya akili, na walimu wao walisema hawatulii darasani.

Hata hivyo, haki ya kusema ni kwamba magari ya Marekani yaliachishwa risasi kwanza kwa sababu ya chombo cha kusafisha moshi kilichoanza kufungwa mwaka 1975, ambacho risasi hukiua. Waliorithi magari ya mtumba kutoka Japani hapa kwetu miaka ya 1990 watakumbuka: chombo hicho kilikuja kikiwa kizima, na baada ya matangi machache ya petroli yetu kikawa mzigo mtupu.

Marekani ilipiga marufuku petroli ya risasi barabarani mwaka 1996. Uingereza ilifunga duka hilo mwisho wa 1999. Na Afrika? Mwaka 2002 zaidi ya nchi 100 duniani zilikuwa bado zikiiuza, nyingi zikiwa za kwetu. Sababu tulizopewa zilikuwa mbili. Kwanza, viwanda vyetu vya kusafisha mafuta vilikuwa vya zamani. Hilo lilikuwa kweli. Pili, ati magari ya Waafrika ni makuukuu, na ukiwanyima risasi utawaharibia injini. Yaani vali za Morris Minor ziliwekwa katika mizani, na upande wa pili yakawekwa matokeo ya mtihani ya mtoto anayeuza karanga kwenye mzunguko wa barabara, na watu wazima waliovaa tai wakachukua miaka kuamua upande gani ni mzito.

Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuiondoa. Kufikia Januari 2006 kazi ilikuwa imekwisha katika eneo lote hilo, Kenya na Tanzania zikiwamo. Barabara hazikujaa magari yaliyokufa. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza ilikuwa Algeria, Julai 2021, na tarehe 30 Agosti mwaka huo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri hapa hapa Nairobi, lilitangaza habari hizo. Shirika hilo lilikadiria kwamba hatua hiyo inaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Kutoka Grogan mpaka Gigiri si mwendo mrefu, lakini sidhani tangazo lile lilifika gerejini.

Mzee yule, nilipomwuliza, alikiri kwamba kila akienda kwa fundi tapeti hulegezwa, na kwamba kila Desemba hulipeleka gari Nakuru likiwa limejaa wajukuu na magunia. Kijana mwenye spana akapima. Silinda ya kwanza na ya nne zilikuwa salama. Ekzosi ya pili na ya tatu hazikuwa na nafasi hata ya kupitisha karatasi.

Hedi ikafunguliwa mchana ule. Vali mbili zilikuwa zimezama, ukingo wa moja umeliwa na moto. Fundi akamweleza mzee kwamba mkereza chuma wa nyuma atachimba vikao na kupigilia pete nne za chuma kigumu upande wa ekzosi, kazi ambayo haihitaji kurudiwa, na baada ya hapo gari litakunywa petroli yoyote. Mzee akauliza bei, akanyamaza, akauliza tena kama haiwezekani kutumia kile kichupa cha dawa kinachouzwa dukani. Kijana akatikisa kichwa. Mjukuu wa mzee, msichana wa darasa la tatu aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma muda wote akisoma kitabu, akatoa kichwa dirishani kuuliza kama wanaenda nyumbani kwa matatu. Wakaipakia hedi kwenye mkokoteni.